Tulilifuta Vitabuni, Hatukulisamehe

Kwa miaka mitatu mfululizo nimesimama mbele ya waumini wa msikiti wetu hapa Cheyo, nikasoma hesabu zenye shilingi 840,000 chini ya neno "wadaiwa". Hiyo ni kodi ya miezi 12 ya fremu moja ya duka, mali ya waqfu. Mpangaji alikuwa fundi cherehani. Alipatwa na kiharusi, akairudisha fremu, deni likabaki. Kila niliposoma tarakimu ile nilijua ninawaonesha watu fedha ambazo hazipo.

Mwaka huu niliiomba kamati iliandike deni hilo kuwa hasara. Mzee mmoja akanikatiza: "Ustadhi, mali ya waqfu unaisamehe kwa idhini ya nani?"

Lilikuwa swali la haki. Mwenye fedha zake aweza kusamehe, na Suratul Baqara, aya ya 280, yaelekeza mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula, na yasema kumsamehe ni kheri zaidi. Sisi ni waangalizi tu. Nilimjibu kuwa kulifuta deni vitabuni ni kukiri kwamba halitarajiwi kulipwa; haki ya msikiti haiondoki, na jina la fundi litabaki katika daftari la kumbukumbu.

Tabora hii iliyajua hayo kabla ya wahasibu. Wakubwa wa misafara walichukua nguo na shanga Zanzibar kwa mkopo, Tippu Tip mwenyewe akikopeshwa na Taria Topan, na pembe zikafika pwani baada ya miaka. Wapo walioshindwa kulipa, wakaogopa kurudi, wakazeekea bara. Mdai aliyeendelea kuwahesabu kuwa mali yake alijidanganya mwenyewe.

Mjumbe mwingine alipendekeza deni lihesabiwe zaka. Haikuwezekana: msikiti si mtoa zaka, na wanazuoni wengi hawakubali kusamehe deni kuwe badala ya kutoa. Lakini Suratut Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki. Basi muumini mmoja akampelekea fundi zaka yake nyumbani, bila sharti la kuileta kwetu.

Mwezi uliofuata mwanawe alileta shilingi 300,000. Nimeziingiza upande wa mapato: deni lililofutwa, kisha likalipwa. Zilizobaki 540,000 zimo katika daftari lile jingine.

"Baba amesema nisiondoke bila stakabadhi," kijana akaniambia. Nikamwandikia.