Kupangua na Kupanga: Kiswahili Ndani ya Injini ya Chevrolet

Baba yangu mdogo anafufua gari. Ni Chevrolet Nova ya mwaka 1970, ya milango miwili, na liko Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, ndani ya gereji ndogo nyuma ya nyumba yake. Mimi niko Lubumbashi na sijawahi kuligusa. Nalijua kwa masikio tu. Kwa miaka miwili sasa, karibu kila Jumapili, ananitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, dakika tano au kumi, na nyuma ya maneno yake nasikia nyundo, nasikia spana ikianguka kwenye saruji, nasikia mwanawe akiuliza jambo kwa Kiingereza. Mwanzoni nilisikiliza kwa ajili ya udugu. Halafu nikaanza kusikiliza nikiwa na daftari mkononi, na makala haya yametoka katika daftari hilo.

Baba mdogo alikuwa mekanisye wa malori hapa kwetu kabla ya kushinda bahati nasibu ya visa ya Marekani. Huko anafanya kazi kiwandani usiku na kulala mchana. Mwanawe alifika akiwa na miaka mitatu, leo ana kumi na tano. Ni mtoto wa aina ambayo sisi wanafunzi wa lugha tunaijua vizuri: anasikia Kiswahili chote, lakini hajibu hata neno. Baba anauliza kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiingereza, na maisha yanaendelea. Baba mdogo hakununua gari ili kumfundisha mtoto lugha. Alilinunua kwa sababu alilipenda, na kwa sababu lilikuwa bei nafuu kutokana na kutu. Michigan wanamwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula mabati kutoka chini. Sakafu ya Nova ilikuwa imetoboka hata mtu aliyekaa kwenye kiti angeweza kuona ardhi.

Kwa wasiojua magari haya, niseme kidogo. Waamerika wanayaita magari ya misuli. Aliyetumia kamusi za pwani anaweza kucheka, kwa maana msuli huko ni pia nguo ya kiunoni, na gari la msuli lingekuwa gari lililovaa kikoi. Lakini maana yenyewe ni nyepesi: uchukue gari la ukubwa wa kati, la bei ya mfanyakazi, ulitie injini kubwa iliyokusudiwa gari zito. Wengi wanahesabu mwanzo wake tangu Pontiac GTO ya mwaka 1964. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa imekataza injini inayozidi inchi za ujazo 330 katika magari ya ukubwa ule. Watu wa Pontiac waliipita amri hiyo kwa kuiuza injini ya 389 kama nyongeza ambayo mnunuzi anaichagua mwenyewe. Kufika mwaka 1970, Chevrolet Chevelle iliweza kununuliwa na injini ya inchi 454, iliyotangazwa kuwa na nguvu za farasi 450.

Haikudumu. Bima zilipanda, sheria ya hewa safi ikapitishwa mwaka 1970, na mwaka 1973 mafuta yakaadimika. Katikati ya hayo kuna jambo linalomhusu mwanaisimu. Zamani nguvu ya injini ilipimwa ikiwa peke yake juu ya stendi, bila bomba lake la moshi la kawaida wala mizigo mingine. Tangu magari ya mwaka 1972, viwanda vilianza kutangaza nguvu iliyopimwa injini ikiwa imevaa vyote vinavyoisindikiza ndani ya gari. Farasi kadhaa walitoweka kwenye karatasi ingawa chuma kilikuwa kilekile. Mwalimu wetu wa semantiki angefurahi kuwa na mfano huo darasani.

Nova ya baba mdogo si ile ya fahari iliyoandikwa SS, na mashabiki wakali watabisha kama kweli ina misuli. Ina injini ya V8 ya inchi 350, yaani lita 5.7, na yeye hahitaji zaidi.

Sasa nirudi kwenye daftari. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuorodhesha majina ya vyombo, na orodha ile haikunishangaza. Baba mdogo anasema motere, buji, radiatere, ambreyaje, demarere, vispilatine: Kifaransa kilichozoea jua la Katanga. Rafiki yake Mtanzania, anayekuja kumsaidia Jumamosi, anasema injini, plagi, rejeta, klachi, stata: Kiingereza kilichozoea upepo wa pwani. Mtoto anasema vyote kwa Kiingereza cha shuleni kwake. Mtu akihesabu majina peke yake, angesema kwamba gerejini mle Kiswahili hakina nyumba, kina hema mbili za kuazima.

Kisha nikageuza ukurasa, nikaandika vitenzi. Hapo picha ilibadilika. Wanaume hawa wawili, ambao wanabishana kila Jumamosi kama kitu kinaitwa buji au plagi, hawabishani hata mara moja juu ya kinachofanyiwa kitu hicho. Wote wanakaza na kulegeza. Wote wanachomeka na kuchomoa, wanaziba na kuzibua, wanapima, wanapaka, wanachubua. Injini kwao wote inakunywa mafuta, inapumua, inakohoa, inanguruma, inachoka, inakufa. Majina yameingia na mizigo kutoka ng'ambo, lakini kazi inafanywa kwa vitenzi vya mababu. Edgar Polomé alipoandika juu ya Kiswahili cha Lubumbashi mwaka 1968, mji huu ulikwisha kuwa na zaidi ya nusu karne ya viwanda na migodi. Lugha iliyokaa na mashine muda wote huo haikukaa mlangoni ikingoja ruhusa.

Kitu kimoja kilinivuta kuliko vingine. Kufufua gari ni kulipangua kwanza. Na katika Kiswahili, kama katika lugha nyingi za Kibantu, tuna kinyambuo kinachogeuza tendo: funga, fungua, kunja, kunjua, bandika, bandua, panga, pangua, chomeka, chomoa. Msemaji wa Kibemba anakijua pia: isala ni kufunga mlango, isula ni kuufungua. Kinyambuo hiki hakifuti tendo la kwanza. Kinalikumbuka. Huwezi kufungua kisichofungwa. Kila kitenzi cha namna hii kinabeba ndani yake tendo lililotangulia, na kwa fundi jambo hilo ni nusu ya kazi, kwani kila alichopangua leo atakidaiwa kukipanga kesho.

Baba mdogo alitumia kanuni hiyo bila kuijua kwa jina. Kila boliti iliyotoka aliitia katika mfuko wa plastiki, na juu ya mfuko aliandika kwa kalamu nene, kwa Kiswahili cha kwetu: ilifunga nini, upande gani, imefunguliwa siku gani. Yeye analala mchana. Mtoto akitoka shule anaingia gerejini peke yake, na mwongozo wake ni mifuko ile. Akitaka kujua boliti ya radiatere iko wapi, hana njia ila kusoma. Hakuna mtu aliyemwambia ajifunze. Aliambiwa asipoteze boliti.

Mwezi wa nne wa kazi nilipata ujumbe wake wa kwanza. Ulikuwa wa sekunde sita: «Yaya, zibua ni nini?» Nilimweleza kwamba tundu lililozibwa likifunguliwa, limezibuliwa, kama pua, kama mfereji. Baada ya nusu saa alituma picha ya njia ndogo za kabureta, safi, na neno moja: «Zibuliwa.» Sarufi ilikosa kiambishi cha mtendwa na cha wakati, lakini kinyambuo cha kutendwa kilikaa mahali pake.

Halafu ikaja namba ya kuwasha. Injini ile ina silinda nane, na cheche haiziwashi kwa kufuatana. Mpango ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Ukikosea nyaya mbili tu, injini inatetemeka, inakohoa, pengine inatema moto kupitia kabureta. Lazima mpango huo ukae kichwani, na baba alimpa kwa namna alivyoujua mwenyewe, kwa wimbo wa kuhesabia: moja, nane, ine, tatu, sita, tano, saba, mbili. Mtoto ambaye miaka yote alikataa kuhesabu kwa Kiswahili mbele ya wageni sasa anahesabu akiwa ameshika waya, tena kwa mpangilio ambao hakuna shule inayoufundisha.

Lakini gerejini kulikuwa na mgogoro pia, na ndio unaonihusu zaidi kama mwanafunzi wa kitivo hiki. Jirani yao, mzee Mmarekani aliyestaafu kazi ya kuunda magari, anaamini kwamba gari la kale lisibadilishwe. Namba iliyopigwa muhuri kwenye injini inaafikiana na namba ya gari, na kwake hiyo ni hazina: kila kitu kirudi kama kilivyotoka kiwandani, hata breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Kwa upande wa pili yuko Mtanzania, ambaye angeitoa injini yote na kutia ya kisasa inayoendeshwa na kompyuta. Gari la asili halisi, au gari bora? Tukibadilisha neno gari kwa neno lugha, ni mjadala tunaousikia kila mwaka hapa chuoni, kati ya wanaotaka Kiswahili bora cha vitabu na wanaosema kila kinachotamkwa sokoni kinatosha.

Baba mdogo hakumfuata yeyote. Breki za ngoma za mbele alizitoa, akaweka za diski. Ngoma hufunika joto ndani yake, na breki ikipata joto kali inalegea. Diski iko wazi, hewa inaipoza. Ilibidi abadilishe pia silinda kuu ya breki na vali inayogawa msukumo kati ya mbele na nyuma. Mzee jirani alisikitika. Baba mdogo akamjibu kwa Kiingereza chake, kisha akanirudia jibu hilo kwa Kiswahili: «Gari hili litabeba mtoto wangu.» Vispilatine aliziondoa, akaweka mfumo wa kielektroniki, kwa sababu ncha zile huliwa na moto wake zenyewe na hudai kurekebishwa mara kwa mara. Kabureta ya midomo miwili aliibadilisha kwa ya midomo minne. Lakini injini yenyewe, pamoja na namba yake, aliikataza isiguswe na mtu mwenye mawazo ya kuitupa. Aliipangua, akaisafisha, akaitia shafti mpya ya kufungulia vali, akaipanga tena.

Nimeifikiria sana njia yake hiyo. Hakuuliza kipi ni cha zamani na kipi ni kipya. Aliuliza ni nini kitakachomlinda atakayepanda, na ni nini kikitoka gari litakuwa gari lingine. Majina ya kuazima yananifanana na breki za diski: yanafungwa pale yanapohitajika, hayaharibu kitu. Vitenzi na vinyambuo vyake ndivyo injini yenye namba. Tunapokaa kwenye semina kubuni istilahi za ufundi, tunatumia siku nzima kutafuta jina la chombo ambacho mafundi wa Katuba wamekwisha kukipa jina, na hatutumii hata saa moja kuchunguza kama watoto wetu bado wanaweza kunyambua. Lugha inaweza kuishi na buji na plagi pamoja. Sijui lugha ya Kibantu ingeishije bila fungua.

Ombi langu kwa wenzangu ni dogo. Anayetafuta mada ya kazi ya mwisho aende gerejini, aende kwa mshona viatu, aende kwa wachomelea madirisha, aandike vitenzi kabla ya majina. Na tuwahesabu pia ndugu zetu walioko mbali, kwa maana Kiswahili chetu sasa kinatengenezwa Grand Rapids kama kinavyotengenezwa Kamalondo.

Mwezi uliopita baba mdogo alinitumia ujumbe mfupi kuliko yote: «Leo njo motere iliamuka.» Shafti mpya inataka injini iendeshwe dakika 20 kwa kasi ya mizunguko kama 2,000 kwa dakika, bila kuachwa izubae, na nilisikiliza zote. Rangi bado, viti bado. Wiki iliyofuata waliikagua tena, na mtoto ndiye aliyetoa buji ili kuzitazama ncha zake. Alinirekodia taarifa ya kazi yake: «Yaya, nimebujua zote nane.»

Kubujua hakumo katika kamusi yoyote. Mwaka 1958 Jean Berko aliwapa watoto wa Kiingereza majina yasiyokuwepo, ili aone kama wana kanuni au wamekariri maneno tu. Sisi hatukumpa huyu jaribio lolote. Alichukua jina la Kifaransa, lililopitia Lubumbashi, akiwa Marekani, akalitia kinyambuo cha mababu zake, na kila mtu mle gerejini akaelewa kwamba buji zimetoka. Nimeliandika neno hilo kwenye daftari, kwenye ukurasa wa vitenzi, na mbele yake nimeacha nafasi ya kubujika, atakapozirudisha.