Ile picha ni kanzu ya mzee wangu



Ndugu zangu katika imani, na majirani zetu Wakristo mnaotusoma, tangu niweke picha mpya kwenye ukurasa huu wengi mmeniuliza kile ni kitambaa gani chenye michoro ya miezi midogo midogo. Mmoja ameuliza bei ya mita. Si kitambaa cha dukani. Ni kanzu nyeupe ya baba yangu mzazi, Allah amrehemu, na ile si michoro, ni jua. Nitawaeleza, ingawa ndani yake kuna aibu yangu.

Kazi ya uimamu kijijini, ukiondoa mimbari na mazishi, ni kazi ya kuangalia mwanga. Leo kila mtu ana ratiba ya swala kwenye simu, alhamdulillah, lakini sisi ustadhi alitusimamisha uwanjani na kijiti kimechomekwa ardhini. Alitufundisha alfajiri ya uongo, ule weupe unaosimama wima kama mkia kisha ukafifia, na alfajiri ya kweli inayotanda upeo mzima. Adhuhuri unaitazama pale kivuli kinapoacha kufupika na kuanza kurefuka. Alasiri, kivuli kikifikia urefu wa kijiti chenyewe, juu ya kile kivuli kilichobaki jua lilipokuwa kichwani. Isha, wekundu ukiondoka magharibi. Ukigeuka kuongea na mwenzako umekosa.

Vijana wetu wanaopiga picha za arusi hapa Mpitimbi nao wamelijua hilo bila kijiti. Hawampigi bi arusi saa saba mchana, uso unakuwa na vivuli chini ya macho kama mgonjwa. Wanangoja alasiri iive. Na huku kwetu karibu na ikweta jua linazama wima, halizungukizunguki kama kule Ulaya, kwa hiyo ule mwanga wa dhahabu unakaa kidogo tu. Mwezi wa tisa, watu wanapochoma mashamba na vumbi limejaa hewani, jua la jioni linakuwa jekundu kama kaa. Nimeona mpiga picha akikimbia na viatu mkononi kuliwahi.

Sasa, Alhamisi tarehe 1 Septemba 2016. Nchi nzima ilikuwa inazungumzia kupatwa kwa jua. Watu walimiminika Rujewa, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, kwa sababu pale mwezi ungeingia katikati ya jua na kubakiza pete. Njia ya pete ilipita kusini mwa nchi na kuingia Msumbiji. Sisi hapa tulikuwa pembeni kidogo, pete hatukuipata. Kwetu jua lililiwa hadi likabaki kama hilali.

Mimi nilikuwa na simu mpya. Wallahi nasema ukweli, tangu usiku nilikuwa nimeshatunga maneno ya kuweka chini ya picha. Sunna ya siku ile naijua na nimeifundisha miaka mingi: Mtume wetu (swalla Allahu alayhi wasallam) jua lilipopatwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, aliwaambia watu kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha yeyote wala kwa uhai wake, bali ni alama katika alama za Allah, na akawaswalisha. Haina adhana, unanadiwa tu mwito wa kukusanyika. Rakaa mbili, kila rakaa rukuu mbili. Wakati wake unaisha jua likifunguka.

Watu walikusanyika msikitini. Imamu yuko nyuma ya msikiti na simu juu.

Nikipiga, linatoka doa jeupe. Nikipiga tena, doa jeupe na anga jeusi. Simu inapima mwanga wote ulio mbele yake na kuutafutia wastani, na hakuna wastani baina ya jua na paa la bati. Hata jua lililobaki ukingo tu linaiunguza picha. Nikatafuta kipande cha filamu ya eksirei nikafunika lenzi, na kwa ujinga nikachungulia na jicho langu pia. Msifanye hivyo, filamu ile haizuii madhara. Mwanga ukawa wa ajabu, si wa jioni wala wa mawingu, kama mchana uliotiwa maji. Kuku walisimama wakinyoosha shingo. Ilikuwa inakaribia saa sita.

Mzee wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, jua haliwezi kumwonesha kitu. Lakini ndiye aliyesema, kwa sauti nikaisikia, "Joto limeondoka mgongoni. Imamu yuko wapi?"

Niliingia kuswalisha nikiwa na haya. Katika rukuu za rakaa ya pili niliona mwanga wa dirishani unarudi kuwa mweupe. Tuliwahi, lakini kwa kuburuza.

Binti yangu, wakati huo darasa la sita, alikuwa na simu ndogo ya batani ya mama yake. Hakulitazama jua kabisa. Aliona kwamba chini ya mwembe yale madoa ya mwanga yanayopenya kwenye majani, ambayo siku zote ni ya duara, yamekuwa miezi. Mamia ya miezi, ardhini, ukutani, na juu ya kanzu ya babu yake. Akapiga picha moja kabla mzee hajaongozwa ndani.

Baadaye ndipo nilipokumbuka niliwahi kusoma habari za Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeishi Misri miaka elfu moja iliyopita. Aliandika risala nzima juu ya umbo la jua lililopatwa linapopita kwenye tundu dogo na kuangukia ukutani: tundu likiwa dogo linatoka hilali, likiwa pana linatoka duara. Hiyo ndiyo kamera, kabla ya kamera. Kila upenyo kati ya majani ya mwembe ulikuwa tundu lake, na mimi nilikuwa nimeupa mwembe mgongo.

Mzee alifariki mwaka uliofuata. Kwenye simu yangu nilikuwa na picha arobaini na moja za doa jeupe, na sikuwa na hata moja yake ya siku ile. Ya binti haina uso. Ni bega, mkono wenye tasbihi, na jua limegawanyika juu ya kifua chake. Nilimuuliza mbona hukumpiga babu usoni. Akasema, "Baba, uso wa babu upo kila siku."

Kanzu yenyewe tuliitoa sadaka. Aliyeichukua anaivaa Ijumaa, safu ya pili.