Dambo si mahali pa bure

Katika Kiswahili chetu cha Katanga, kila mtu anajua dambo ni nini. Ni lile bonde la majani, bila miti, pale kijito kinapoanzia. Mvua ikinyesha linajaa maji; kiangazi kikifika, ukichimba kidogo kwa jembe unakuta udongo mweusi wenye unyevu. Lakini mara nyingi, wakubwa wakikaa kupanga mambo ya mji, dambo linaonekana kwenye ramani sawa vile mahali patupu. Ndiyo maana ninaandika juu yake katika kijitabu cha mila. Kwetu dambo lilikuwa na sheria mbele ya kuwa na ramani.

Wazee wetu Basanga walijulikana kwa shaba, na pia kwa chumvi ya bonde la Lufira, huko Mwashya. Shaba ilitoka mlimani, lakini chumvi, samaki, matete ya mikeka na udongo wa vyungu vilitoka kwenye maji. Nkambo yangu mwanamke alinifundisha kwamba dambo lina sehemu tatu. Juu, kwenye chemchemi, miti haikatwi na hakuna wa kufulia nguo pale. Katikati ni bustani za kiangazi: lengalenga, matembele, tomati. Chini, maji yakipunguka, ba mama wanaingia pamoja na vitunga vyao kuvua samaki, na mtu hatangulii peke yake. Hakuna aliyeandika maneno hayo, lakini ule ulikuwa mpango wa bonde zima, kutoka chemchemi mpaka mtoni. Mama yangu aliuza mboga za dambo akalipa minervali yangu. Diploma yangu ya Taasisi ya Ualimu imetoka katika udongo ule mweusi.

Tufuate sasa njia ya maji. Vijito vyetu vinaingia Dipeta, Dipeta inakwenda Lufira, Lufira inaingia Lualaba, na Lualaba ndiyo mto Kongo wenyewe. Mwaka 2017 bonde la Lufira liliandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani mapatano ya mataifa ya mwaka 1971 juu ya ardhi zenye maji, ambayo inchi yetu iliingia mwaka 1996. Basi, dambo la nyuma ya nyumba ni mwanzo wa kitu ambacho dunia nzima inakijua.

Katika kalasi tunazoea kusema dambo ni sifongo: linanywa mvua na kuitoa polepole. Ni kweli nusu. Watafiti waliopima madambo ya Zambia na Zimbabwe walionyesha kwamba jua linakula maji mengi ya dambo, na kwamba sehemu kubwa ya maji inayolilisha inateremka chini ya udongo kutoka kwenye miteremko ya pembeni. Maana yake, ukikata miti yote ya mteremko kwa makala, hata ukiliacha dambo bila kuligusa, umeliumiza. Nkambo hakusoma, lakini alikataza kukata miti kwa juu.

Tena matope ya dambo yanashika vitu. Huko Tshangalele, ziwa lililozaliwa na barrage ya Mwadingusha mwaka 1930, watafiti wamekuta shaba na kobalti katika matope na katika samaki. Matope yanayochuja maji ndiyo hayo hayo tunamopanda mboga. Kwa hiyo hatuwezi kuyaachia kazi ya kusafisha kila kitu kinachoteremka. Anayekaa juu awajibike kwa anayekula chini.

Tangu uchimbaji mkubwa ulipoanza kutoa shaba hapa mwaka 2009, watu wamefika wengi sana kutafuta maisha. Hilo si kosa lao. Wanahitaji parseli, matofali na makala. Lakini parseli zinakatwa mpaka ndani ya dambo, na ukiuliza unajibiwa: «Ile ni dambo tu, haina mwenyewe.» Halafu mwezi wa kwanza unafika, na wanafunzi wangu wanakuja na madaftari yaliyolowa. Mayi haisahau njia yake.

Kuna wanaosema turudie mila, basi. Mimi sikubali kwamba inatosha. Katazo la nkambo liliheshimiwa kwa sababu watu walikuwa wachache na walijuana. Mgeni aliyefika jana atalijuaje? Katazo hilo liingie katika karatasi. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inakubali kwamba maji yasimamiwe kwa bonde zima, si kwa mipaka ya kiutawala tu. Tuna mlango wa kupitia.

Naomba mambo matatu. Kwanza, mbele ya kukata parseli nyingine, ba shefu na ba mama wa bustani watembee pamoja na wapimaji, waonyeshe kila dambo, chemchemi yake na mteremko wake, viandikwe kwa majina yake. Pili, chemchemi na miti iliyo juu yake vilindwe pamoja, maana kimoja bila kingine ni bure. Tatu, maji na udongo wa bustani vipimwe, na matokeo yasomwe mbele ya wananchi kwa Kiswahili.

Sisi walimu tunaweza kuanza kwa majina. Wazee wanaoyajua madambo yetu wanapunguka kila mwaka, na jina lisiloandikwa halitaonekana kwenye ramani yoyote.