Mkasi wa Mwezi wa Pili

Mwezi wa pili Bariadi haina hela. Fundi cherehani yeyote wa Simiyu atakuambia hivyo. Januari tunashona sare za shule mpaka macho yanauma, kisha ghafla kimya. Watu wako shambani wanapalilia pamba waliyoipanda Novemba na Desemba. Hela ya msimu uliopita imeshaliwa, na ya msimu huu haitaonekana mpaka ununuzi ufunguliwe, mwezi wa tano au wa sita. Ukimwona mteja Februari, ujue kuna msiba, au kaja kubadilishiwa zipu.

Ukimya huo ndio ulionifanya mwalimu, jambo ambalo mafundi walionilea wasingelikubali.

Nilijifunza kushona mwishoni mwa miaka ya 1990, pale Somanda, Bariadi ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga. Fundi wangu alikuwa mzee mpole, mwenye Singer ya miguu iliyokuwa imefutika maandishi. Mwanafunzi alianza kwa kufagia, kuwasha mkaa wa pasi na kuokota sindano kwa sumaku. Ukivuka hapo unapewa vifungo, pindo na kufumua. Baadaye unaruhusiwa kukalia cherehani, lakini kwa mashuka na foronya tu. Kukata hakukufundishwa. Fundi akitaka kukata suruali ya mtu, alikuwa na neno lake: "Kimbia dukani kaniletee uzi mweusi." Ukirudi unakuta vipande viko tayari, vimekunjwa na kufungwa kwa utepe wa kitambaa. Tuliiba kwa macho. Mzee akienda kunywa chai, tulifungua vile vipande tukavipima kwa kiganja, tukavirudisha haraka kama vilivyokuwa.

Simlaumu. Mkasi ndio uliokuwa duka lake. Aliyejua kukata aliondoka na kufungua kibanda chake ng'ambo ya barabara, na wateja wenyewe walikuwa wale wale.

Mishono nayo haikuwa yetu. Ilitoka kwenye kalenda zile kubwa za ukutani, zenye picha za akina mama wa Afrika Magharibi waliovaa magauni ya mabega mapana na vilemba virefu. Mteja aliingia, akaamkia "Mwadila", akanyoosha kidole: "Nishonee huu." Hakuna aliyejiuliza kama gauni lile, lililobana mpaka magotini, lingeweza kupanda keria ya baiskeli hadi Lagangabilili. Huku kwetu baiskeli ndiyo gari la nyumba. Mama anakaa upande kwenye keria, mtoto mgongoni, na gauni la kalenda linachanika ubavuni kabla hajafika.

Mwaka 2012 Simiyu ikawa mkoa, na Bariadi ikawa makao makuu. Ofisi zikaja, watumishi wakaja, lami ya kutoka Lamadi ikatufikia. Kalenda zikaanza kupauka ukutani bila kubadilishwa, maana mteja sasa alikuja na picha kwenye simu, tena amekwisha kuivuta mpaka uone nyuzi. Mwaka 2018 maonesho ya kitaifa ya Nanenane yalipofanyika Nyakabindi, wageni walijaa mji mzima, tukashona usiku. Tulidhani tumefika.

Ikaja 2019. Bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, watu wakafurahi, lakini malipo yakachelewa. Mkulima alikabidhi mzigo akabaki na karatasi mkononi. Julai na Agosti, miezi yetu ya harusi na ngoma, ikapooza. Kibandani kwangu magauni yaliyokwisha kushonwa yalining'inia yakisubiri wenyewe, na mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za pamba.

Mwezi wa pili wa 2020 ulipoingia nikaona siwezi kukaa tu mlangoni nikihesabu bodaboda. Nilichukua daftari la mahesabu nikaandika malengo ya mwezi. La kwanza, kubuni mshono usiotoka kwenye kalenda wala kwenye simu. La pili, kuandaa patani za sketi za shule kwa saizi zote za msingi. La tatu niliandika mwisho, tena kwa kusitasita: kufundisha kukata. Kulikuwa na wasichana wawili waliokuwa wakishinda pale kibandani, mmoja amemaliza kidato cha nne, kwao Itilima. Mwingine mtoto wa jirani, mwenye kichanga. Nikawaambia tutaanza na mkasi. Kufagia tutafagia wote.

Kitambaa cha kujifunzia sikuwa nacho, lakini mji ulikuwa unajengwa kila upande na mifuko ya saruji ilitupwa hovyo. Ukiichana, karatasi ya ndani ni safi, ngumu kiasi, na inakunjika vizuri. Kuchora tulichora kwa chaki. Maswa wana kiwanda chao cha chaki za shule, na vipande vilivyokatika vinafaa sana kwenye kitenge cheusi, vinapukutika kwa kofi moja. Kwa kitambaa cheupe bado natumia kipande cha sabuni kilichokauka.

Yule wa Itilima alikata sketi ya karatasi, mbele na nyuma sawasawa, kama mafundi wengi tunavyokata: zungusha tepu nyongani, gawa kwa nne, ongeza nafasi ya mshono. Tukaibana kwa pini mwilini mwa mwenzake, tukamkalisha kwenye keria ya baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Karatasi ikapasuka kuanzia nyongani kwenda chini. Binti akaitazama, akaniuliza, "Mama, kwa nini mbele na nyuma tunakata sawa, wakati mtu mwenyewe hayuko sawa?"

Jibu nililokuwa nalo ni lile nililopewa mimi: ndivyo inavyokatwa. Nilikuwa nimeshona miaka yote hiyo na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo. Mteja hulalamika kwamba gauni linavuta, unalifumua, unaliachia kidogo, yanaisha.

Tukachukua tepu upya. Safari hii hatukuzungusha. Tulipima kutoka ubavu hadi ubavu, kwanza mbele, halafu nyuma. Nyuma ikazidi, na kwa mwili wa mama mtu mzima ilizidi sana. Tukakata kipande cha nyuma kipana kuliko cha mbele, na mshono wa ubavuni ukasimama wima badala ya kukimbilia makalioni. Kisha tukaona kwamba mtu akikaa, pindo la nyuma hupanda, tukalishusha inchi moja na nusu. Mbele tukaweka rinda moja pana la kuingia ndani, linaloanzia juu kidogo ya goti: akisimama halionekani, akipanda keria linafunguka. Hapo lengo la kwanza likawa limetimia, na wazo lilikuwa la mwanafunzi. Wateja waliuita mshono wa keria.

Patani za sare hazikuisha mwezi ule. Machi 16 ikatangazwa habari ya mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, shule zikafungwa, na muda si mrefu mafundi tukawa tunashona barakoa. Wasichana wangu walikata wenyewe. Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, tukarudi kwenye patani tukazimaliza.

Tangu hapo mwezi wa pili ni wa mkasi. Anayekuja kujifunza anakata kabla hajashona. Baadhi wamefungua vibanda vyao, mmoja karibu kabisa na changu, na kweli amenichukulia wateja. Nami sasa nikikwama kwenye kola namtumia picha, ananijibu. Yule mzee wa Somanda angeona nimechanganyikiwa.

Linaloniudhi ni jingine. Halmashauri hutoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na cherehani nyingi zimepatikana hivyo. Nimeona kikundi chenye cherehani nne na mtu mmoja tu anayejua kukata. Akiumwa, kikundi kizima kinashona foronya. Mkoa unaoongoza nchi kwa kulima pamba, kitenge tunachokata kimetoka China. Basi angalau kukata tukujue wote.

Mafundi wenzangu wa Bariadi, Maswa, Lamadi na Mwanhuzi, mpeni mwanafunzi mkasi wiki ya kwanza.