Kipimajoto na Siri ya Maneno Mazito

Katikati ya karatasi limeandikwa neno moja, "resilient". Kulizunguka kuna visanduku vinne: maana kwa maneno ya mwanafunzi mwenyewe, sifa zake, mifano, na kile ambacho si mfano wake. Mchoro huo umetokana na kazi ya Dorothy Frayer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1969, na walimu wa sekondari nchini Marekani wanautumia katika Kiingereza, sayansi, hata hisabati. Kisanduku cha nne ndicho kinachomtoa mtu jasho. Kumtaja mtu anayeanguka akainuka ni rahisi. Kumtaja asiye hivyo, na kueleza kwa nini, kunamlazimu kijana alijue neno hadi mipaka yake.

Marekani yenyewe ilichelewa kuachana na kukariri. Kwa miaka mingi vijana waliojiandaa kwa SAT, mtihani wa kuombea nafasi chuoni, walikariri maelfu ya maneno adimu. Maswali ya mlinganisho wa maneno yaliondolewa 2005, na mabadiliko ya 2016 yakapunguza yale maneno ambayo mtu hukutana nayo mtihanini tu. Leo mtahiniwa husoma kifungu kifupi na kuchagua neno au maana inayokaa humo sawasawa.

Orodha hazijafa, ila zimepangwa kwa akili zaidi. Ile ya Averil Coxhead wa New Zealand, iliyotoka mwaka 2000, ina familia 570 za maneno yanayojirudia katika vitabu vya taaluma mbalimbali. Ni familia kweli: "analyse" huja na "analysis", "analyst" na "analytical".

Nchini Tanzania hali ni nyingine: mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta baiolojia na jiografia zinamsubiri kwa Kiingereza. Mwalimu mwenye darasa lililofurika huandika notsi ubaoni, wanafunzi wananakili, na neno jipya linaingia daftarini na maana yake ya mstari mmoja. Linakaririwa, linajibiwa mtihanini, basi. Nje, katika shule nyingi, kuna kibao kinachoagiza Kiingereza pekee.

Kibao hicho kinaifungia nje mali ya watoto, yaani Kiswahili chao.

Chukua "thermometer". Sehemu ya kwanza ni joto kwa Kigiriki, ya pili ni kipimo. Kiswahili nacho kimejenga neno lake kwa matofali yaleyale: kipimajoto. "Photosynthesis", linalowatisha wengi, ni usanisinuru: nuru, na usanisi, yaani kuunganisha vitu kupata kitu kipya. Mwalimu akilipasua hivyo kwa dakika tano, nuru ileile itaonekana tena ndani ya "photograph". Kijana anayepita bila kufikiri kutoka soma hadi msomaji, usomaji, somesha na someka tayari anayo stadi ambayo wenzake wa Marekani wanafundishwa kupitia mizizi ya Kilatini na Kigiriki. Inasikitisha kuona stadi hiyo ikiachwa getini.

Vijana wa Kikongo waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kisha wakahamia Marekani, wanaonyesha jambo hilo kwa namna nyingine. Kambini walisoma mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Kwao "commence", neno la kitabuni kwa Mmarekani, ni jepesi, kwa kuwa "commencer" wamelitumia tangu utotoni. Mwalimu anayejua hilo huanza na alichonacho mwanafunzi.

Hata hivyo, nyumbani Tanzania kuna hazina ambayo karatasi ya visanduku vinne haiwezi kuitoa: mdahalo. Kijana husimama mbele ya shule, anatetea upande wake kwa Kiingereza, na kutafuta neno zito la kumzima mpinzani. Makofi yakilipuka, neno lile halisahauliki. Udhaifu ni kwamba mengi ya maneno hayo yamekaririwa usiku uliotangulia na hayarudi tena wiki ijayo.

Chukua mada ya mdahalo iliyojadiliwa vizazi kwa vizazi: shule ya bweni au ya kutwa, ipi bora? Wazungumzaji wakipewa maneno matano ya somo la wiki hiyo, yaliyokwisha kupasuliwa darasani kwa Kiswahili, na kila mmoja akatakiwa kuyatia ndani ya hoja yake, walioketi ukumbini watakuwa wameyasikia yakifanya kazi mara nyingi kabla kengele haijalia.