Ngozi ya Usukani

Usukani wa gari alilotuachia marehemu baba yetu ulikuwa umelika mahali pawili tu. Mtu akiufikiria kama uso wa saa, ni pale mishale inapokaa wakati wa saa nne na dakika kumi. Hapo ndipo mikono yake iliposhika kwa zaidi ya miaka ishirini, kati ya Kibeta na mjini Bukoba, na siku za shughuli kubwa hadi Muleba. Gari lenyewe ni Land Rover ya kale, ya wakati ambapo dereva aligeuza magurudumu kwa nguvu za mabega yake, wala hapakuwa na mtambo wa kumsaidia. Ile plastiki nyeusi ilikuwa imepasuka kwa jua na kulainika kwa jasho, na kila tulipoendesha iliacha weusi viganjani. Ofisini watu walituuliza kama tumeanza biashara ya makaa.

Sisi ambao mchana tunashika majalada na usiku tunatafuta vina, tulianza kwa kulichungua neno lenyewe. Usukani ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo lilikuja kwetu kwa njia ya bahari. Katika jahazi usukani ni ule ubao ulio majini, kwenye tezi. Mkono wa nahodha hauugusi. Hushika kana, nayo kana ndiyo inayougeuza. Gari lilipoingia nchini, watu walitwaa jina la kitu kilichofichika majini wakalipa kitu kilichomo mkononi. Jambo hili lilitufurahisha kwa siku kadhaa, lakini halikuuponya ule ufa.

Ndipo tukaingiwa na fahari. Mara nyingi tumesimama mbele ya wanafunzi tukausifu utamaduni wa Buhaya: mbugo zilizofumuliwa kwa kupigwa kutoka gome la mtoma, na ule ustadi wa kuyeyusha chuma ambao wataalamu wa kigeni waliutangazia ulimwengu katika mwaka 1978. Iweje basi tushindwe kuvika duara moja la plastiki? Hapo Kibeta palikuwa na mzee aliyejua kuwamba ngoma, rafiki wa baba. Tukamwendea na usukani kwapani.

Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, ngozi ya ngoma ni mbichi. Huwambwa ikiwa na maji, ikikauka hujivuta yenyewe, na kabla ya kupigwa huoteshwa moto. Mkono wa dereva ni maji. Huoni kwamba unanitaka niwambe ngoma ndani ya mto?"

Tulimsihi. "Mzee wetu, tufanyie hivyo hivyo." Akatufanyia, kwa heshima ya rafiki yake, si kwa kuamini. Aliloweka kipande cha ngozi ya ng'ombe, akakivuta juu ya duara, akakifunga kwa kanda nyembamba za ngozi hiyohiyo. Baada ya siku tatu kilikuwa kigumu kama mti, na ukikigonga kwa kidole kililia. Tulikionyesha kwa kila aliyekubali kutazama.

Mvua ya Bukoba inajulikana: kwa mwaka mzima hufika karibu milimita 2,000, na mwezi wa Aprili haina simile. Asubuhi moja tulikuwa tukiteremka kwenda mjini, tukiwa na watoto watatu wa jirani wanaosoma huko. Dirisha la gari lilikuwa halifungi vizuri. Maji yaliingia, ngozi ikalainika kidogo kidogo bila sisi kutambua, na kwenye kona mikono yetu ilizunguka, usukani ukabaki pale pale. Ngozi ilikuwa imejitenga na duara, ikatembea peke yake. Tulisimama mtaroni, pua ya gari ikiwa ndani ya migomba ya watu. Hakuna aliyeumia. Mtoto mdogo aliuliza kama tumefika.

Yule mzee tulimweleza habari hizo jioni. Hakutucheka, alituelekeza kwa fundi viatu wa sokoni.

Fundi huyu, kijana wa miaka thelathini hivi, alitueleza tofauti ambayo tungepaswa kuijua tangu shuleni. Ngozi mbichi ikilowa hurudia hali ya nyama. Ngozi iliyotiwa dawa, iwe ya magome ya miwati yanayopatikana Njombe na Lushoto, iwe ya chumvi za kromi, imekwisha kubadilika ndani, nayo ikilowa na kukauka hubaki laini. Tulipouliza kipande chake kizuri kimetoka wapi, alisema amekikata kwenye kiti cha gari la kigeni lililopata ajali. Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, nasi tunachuna ngozi kwenye viti vya magari mabovu!

Kisha akapima, na hapa twapenda walimu wa hisabati watusikilize. Kipenyo cha usukani wetu, ukingo hadi ukingo, kilikuwa sentimita 43. Zidisha kwa 3.14, unapata mzingo wa nje wa sentimita 135. Unene wa duara ni sentimita 2.5, kwa hiyo mzingo wa ndani ni sentimita 119 tu. Ngozi ni ukanda mmoja: katikati yake hukaa upande wa nje, na kingo zake mbili hukutana upande wa ndani. Sentimita 16 zinazozidi zitakwenda wapi? Hapo ndipo makunyanzi huzaliwa. Dawa yake ni kuukata ukanda mfupi kidogo na mwembamba kidogo, kuulowesha, kuuvuta katikati, na kuacha mshono ukusanye kingo. Fundi alitoboa matundu kwa msharasi, kila nusu sentimita, idadi ile ile pande zote mbili. Likizidi tundu moja, mshono wote huenda upande. Alishona kwa sindano mbili na uzi wa nailoni uliopakwa nta, maana uzi wa pamba huoza kwa unyevu wa ziwani. (Katika magari ya siku hizi yenye mfuko wa hewa, kitovu cha usukani hakiguswi, hufunikwa duara la nje tu.)

Lakini kabla ya kushona tulikosana. Alichukua gundi iliyochanganywa na unga wa mbao ili azibe yale mabonde mawili ya baba. Tukamzuia. Tulimwambia kwamba hizo ni alama za mikono ya marehemu, na kwamba tulitaka ngozi izifuate jinsi zilivyo.

"Mzee," akasema, "ngozi isiyo na kitu chini yake italegea, halafu itatembea kama ile ya kwanza. Wale watoto bado unawapandisha?"

Hatukuwa na jibu. Tuliweka vidole gumba vyetu katika mabonde yale, kimoja kila upande, tukavitoa. Akaziba, akaacha pakauke hadi kesho yake, akasugua kwa msasa mpaka mkono usitambue palipokuwa na nini. Kazi ya kushona ilichukua siku nzima.

Yule mzee wa ngoma alikuja kuutazama. Alipitisha ukucha juu ya mshono, duara zima, akaguna mara moja, akaomba apelekwe mjini.

Sasa ni mwaka wa pili. Ngozi imeanza kuwa nyeusi mahali pawili, ila si pale pa baba. Sisi hushika chini kidogo, kama saa tatu na robo.