Bibi Ghasia na Fedha za Korosho

Mwezi wa Juni una kazi mbili katika Tanzania, na wafanyao moja aghalabu hawawaoni wafanyao nyingine. Katika Nachingwea na Ruangwa ni majira ambayo mikorosho hujiandaa kuchanua, na mkulima hutafuta salfa ya kupuliza ili maua yasidhuriwe na ubwiriunga, maradhi yanayolivika ua vumbi jeupe na kulinyima kuzaa. Katika Dodoma ni mwezi ambao Bunge humaliza bajeti ya Serikali, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Ua halingoji bajeti. Salfa ikichelewa majuma machache, korosho za Oktoba huwa zimekwisha kupotea kabla hazijaonekana.

Mwaka 2018 kazi hizo mbili zilikutana. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009, pamoja na marekebisho yake, ilikuwa imeweka ushuru juu ya korosho ghafi ziendazo ng'ambo: asilimia 15 ya thamani yake bandarini, au dola 160 za Marekani kwa kila tani, kwa kutazama lililo kubwa. Katika kila shilingi 100 za ushuru huo, 65 zilikuwa za kuliendeleza zao lenyewe, na 35 zilikwenda katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Muswada wa Fedha wa mwaka ule ulitaka zote 100 ziingie katika Mfuko Mkuu. Tena palikuwa na malalamiko ya nyuma, kwamba zile 65 za misimu iliyotangulia hazikuwa zimefika zilikopaswa.

Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti ya Bunge wakati huo alikuwa Bibi Hawa Abdulrahman Ghasia, Mbunge wa Mtwara Vijijini tangu mwaka 2005. Hakuwa mgeni wa mambo ya Serikali. Alikuwa Waziri wa utumishi wa umma, kisha Waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na alikuwa mwana wa chama kilichotawala. Mtu wa namna hiyo hujua ni mlango upi fedha huingilia na ni mlango upi hutokea. Pamoja na wabunge wenzake wa kusini, wa chama chake na wa upinzani, alisimama kudai kwamba fungu la korosho libaki katika korosho.

Jimbo lake lilikuwa pwani, mbali na Nachingwea. Lakini korosho haina jimbo. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza mazao yao kwa mnada chini ya chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI, ambacho jina lake limetokana na herufi za mwanzo za wilaya hizo tatu. Ushuru hulipwa na msafirishaji, ndiyo, ila mnunuzi huupigia hesabu kabla hajataja bei mnadani. Kwa hiyo mtoaji wake hasa ni yule aliyeinama chini ya mkorosho, na aghalabu ni mwanamke, akiokota na kuitenga korosho na bibo lake.

Ruangwa ilikuwa na jambo lake la pekee. Mbunge wake, Bwana Kassim Majaliwa, alikuwa Waziri Mkuu tangu Novemba 2015, na Katiba humfanya Waziri Mkuu kuwa kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni. Hawezi kuinuka akaubishia muswada wa Serikali anayoiongoza. Hilo si kosa lake. Ndiyo desturi ya cheo. Lakini Ruangwa ilijikuta ina mbunge mkubwa kuliko wote na mdomo mmoja pungufu, na ikabidi jirani aseme.

Nachingwea ilikwisha kuzungumzwa bungeni zamani, katika Bunge la London. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikajengwa na reli kutoka Mtwara. Mpango ukaachwa mwaka 1951 baada ya kula pauni milioni 36 hivi, na reli nayo ikafungwa baada ya Uhuru. Katika mabishano yote ya London hapakuwa na mtu hata mmoja aliyechaguliwa na watu wa Nachingwea.

Mwanamke bungeni husifiwa upesi asemapo juu ya maji, uzazi na mabweni ya wasichana. Ni mambo makubwa. Lakini sifa hizo zina uzio ndani yake. Bibi Ghasia aliuvuka uzio huo, akasema juu ya ushuru na vifungu vya sheria, mahali ambapo fedha za hayo maji na mabweni hugawanywa.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja. Nchi ikiacha kila zao lishike ushuru wake, Hazina itapanga nini kwa wilaya zisizo na zao la kuuza ng'ambo? Swali hilo halidharauliki. Udhaifu wake ni kwamba lilikuja mwezi wa salfa, juu ya fedha ambazo sheria ilikwisha kumwahidi mkulima.

Wala si jambo jepesi kwa mbunge wa chama tawala kuibana bajeti. Katiba humlinda kwa maneno asemayo Bungeni, asishtakiwe kwayo mahakamani. Katiba hiyo hiyo humpa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti, na humwondolea kiti mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama chake. Kwa hiyo ana uhuru wa kusema wenye kamba mguuni.

Muswada ulipita. Mwaka huo huo Bibi Ghasia aliuacha uenyekiti wa Kamati. Msimu ulipofunguliwa wakulima wa kusini walizikataa bei za mnadani, na tarehe 12 Novemba Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaingia ghalani.

Mwaka 2020 Bibi Ghasia aligombea tena, akashindwa na mwanamke mwenziwe, Bibi Shamsia Mtamba wa Chama cha Wananchi. Siku ya uchaguzi ilikuwa 28 Oktoba. Katika Nachingwea na Ruangwa ulikuwa msimu wa kuokota.